Saratani ya figo na njia ya mkojo: maswali ya watu kuhusu upasuaji wa matundu madogo

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao wanauliza sana kliniki ya mkojo hapa Dar. Mengine wanauliza kwa sauti, mengine wanasubiri daktari atoke ndo wanamvuta nesi pembeni. Mimi ni nesi, sipasui mtu, kwa hiyo soma ujue cha kumuuliza daktari wako, usijitibu kupitia simu.

Nianze na hili maana ndo linanikera. Mtu anakuja ameshashikilia kitu kimoja, "mimi nataka ile ya matundu", kama vile tundu lenyewe ndo dawa. Tundu ni mlango tu jamani. Kinachokutibu ni kilichotolewa huko ndani, kimetoka chote au kimebaki, umekuja mapema au umechelewa, na nani aliyeshika vifaa.

Huo upasuaji wa matundu unakuwaje?

Unapewa nusu kaputi, unalala fofofo, unalazwa kwa ubavu, daktari anatoboa matundu matatu mpaka matano, kila moja kama nusu sentimita hadi sentimita moja na kidogo. Anaingiza gesi ya kaboni dayoksaidi ili tumbo linyanyuke apate nafasi ya kufanyia kazi, alafu tundu moja linapitisha kamera nyembamba, mengine yanapitisha vifaa vya kukatia, kubana mishipa na kushonea. Picha inaonekana kwenye skrini ikiwa imekuzwa, kwa hiyo anaona hata vimishipa ambavyo kwa kupasua wazi angevitafuta kwa shida. Wengine wanapitia mbele tumboni, wengine wanapitia nyuma mgongoni bila kugusa utumbo kabisa. Kwa figo hesabu masaa mawili mpaka manne, kibofu zaidi ya hapo.

Siyo kitu cha jana. Figo ya kwanza kutolewa kwa njia hii ilitolewa 1990 kule St. Louis, Marekani, na Ralph Clayman na wenzake, na mgonjwa alikuwa mama wa miaka 85. Ukimsikia mtu anakwambia ni majaribio mkumbushe huo mwaka.

Ni kansa zipi zinafanyiwa hivi?

Hapa watu wanachanganya sana, nitakaa kidogo. Kuna kansa inayoota kwenye nyama ya figo yenyewe, hiyo ndo inayoonekana zaidi kwenye figo za watu wazima. Alafu kuna inayoota kwenye utando wa ndani unaopitisha mkojo. Huo utando unaanzia kwenye figo pale mkojo unapokusanyika, unashuka na mrija, unaingia mpaka kibofuni, kwa hiyo kansa yake inaweza kutokea popote humo njiani na mara nyingi inatokea kwenye kibofu. Mtaani yote yataitwa "kansa ya figo" au "kansa ya mkojo" ila ni magonjwa mawili, dawa zake tofauti na upasuaji wake tofauti.

Ya nyama ya figo unatolewa uvimbe peke yake au figo yote. Ya utando, ikiwa juu kwenye figo au kwenye mrija, kawaida inatoka figo, mrija wote na kipande kidogo cha kibofu pale mrija unapoingilia, kwa sababu mrija ukiachwa kipande kansa inaweza kurudi hapohapo. Watu wanashangaa sana, uvimbe ni mdogo uko kwenye mrija alafu naondolewa figo nzima? Ndio, mara nyingi ndo hivo, japo zile ndogo zisizo kali zinaweza kuchomwa na leza kwa kupitia njia ya mkojo na figo ikabaki. Ya kibofu inaanza kwa kukwanguliwa kupitia tundu lako la kukojolea, ngozi haiguswi kabisa, na ikionekana imeingia kwenye msuli wa kibofu ndo yanakuja mazungumzo ya kutoa kibofu.

Sista, nilikojoa damu siku moja tu, haikuuma, ikaacha yenyewe. Si imeisha?

Haijaisha mpaka ijulikane ilitoka wapi. Kansa ya njia ya mkojo ndo tabia yake hiyo, inatoa damu leo, inanyamaza wiki au miezi, inarudi. Na kutokuuma kusikufurahishe, damu isiyouma ndo inatutia wasiwasi zaidi kuliko ile inayokuja na kuchoma wakati wa kukojoa.

Hapa mjini ukitamka neno mkojo umeshaambiwa ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu anaenda duka la dawa anapewa sipro, dawa ya kuua bakteria, damu ambayo ingeacha yenyewe tu inaacha, anaamini dawa imefanya kazi, miezi mitatu mbele inarudi anapewa nyingine kali zaidi, na hivo hivo mpaka mwaka unakatika. Wazee wa kiume wao wanaambiwa ni tezi dume. Waliokulia Kanda ya Ziwa, Unguja, Pemba au huku pwani wanaambiwa kichocho, na inaweza kuwa kichocho kweli, ila kichocho kilichokaa miaka mingi nacho kinaleta kansa ya kibofu, kwa hiyo hiyo siyo sababu ya kutulia nyumbani. Kama unavuta sigara au umevuta miaka mingi ndo usicheleweshe kabisa, sigara ndo inaongoza kuleta kansa ya njia ya mkojo na inaongeza hata ile ya figo.

Unachotakiwa kupata ni kipimo cha mkojo, altrasaundi ya figo na kibofu, na daktari wa mkojo aamue kama utaingizwa kamera ya kibofu na kupigwa CT ya dawa, ile picha ya mashine inayopigwa ukiwa umechomwa dawa kwenye mshipa. Altrasaundi ikiwa safi haimaanishi kibofu ni salama, uvimbe mdogo wa kibofu unaikwepa.

Dawa za kusafisha figo zinazouzwa Kariakoo je?

Hazisafishi uvimbe. Zingine zinaiumiza hiyohiyo figo unayotaka kuiokoa. Kama umeshatumia mwambie daktari bila aibu, hatugombezi mtu, tunataka kujua kabla hujaingia thieta.

Mimi sina dalili yoyote, nilipima altrasaundi ya tumbo kwa mambo mengine wakaona kitu kwenye figo

Uko kwenye kundi kubwa na lenye bahati. Siku hizi kwenye nchi ambazo vipimo vya picha ni vingi, zaidi ya nusu ya kansa za figo zinakutwa hivo hivo kwa bahati. Zile dalili tatu za vitabuni, damu, maumivu ya ubavu na uvimbe unaoshikika, zikikutana zote kwa mtu mmoja mara nyingi ugonjwa umeshakua.

Kwanza uliza ni maji au ni nyama. Kifuko cha maji kitupu kwenye figo kinawapata watu wengi kadri umri unavyokwenda na siyo kansa. Ikiwa ni nyama utapigwa CT ya dawa, picha zikichukuliwa kabla na baada ya dawa kuingia kwenye mshipa, na hiyo ndo inatoa picha halisi. Hata nyama yenyewe, ikiwa chini ya sentimita 4, kama moja kati ya tano inakuja kuonekana siyo kansa. Ndo maana mzee wa miaka themanini mwenye presha, sukari na moyo, mwenye kauvimbe ka sentimita mbili, anaweza kuambiwa tukuangalie kwa picha kila baada ya miezi kadhaa, na ndugu wanakasirika wanadhani kapuuzwa. Hajapuuzwa. Uvimbe wa namna hiyo wengi unakua taratibu sana na operesheni inaweza kumdhuru kuliko uvimbe wenyewe. Kuna pia kuuchoma au kuugandisha kwa sindano inayoongozwa na picha, hiyo ni kwa vile vidogo, na siyo kila hospitali wanayo.

Lazima figo yote itolewe?

Inategemea ukubwa na umekaa wapi. Uvimbe wa sentimita 4 kushuka chini unatakiwa utolewe peke yake figo ibaki kama inawezekana, wa 4 mpaka 7 nao unaangaliwa, ukizidi hapo au ukiwa umekaa katikati penye mishipa mikubwa mara nyingi inatoka figo yote.

Sasa sikiliza hapa. Kutoa uvimbe peke yake kwa matundu ni kazi ngumu kuliko kutoa figo nzima, japo kwa mtu wa nje inaonekana kinyume. Daktari anaubana mshipa wa damu wa figo, anakata uvimbe, anashona kidonda cha figo, anaachia, na yote hayo anajitahidi yasizidi dakika 25 hadi 30 ili figo isife kwa kukosa damu. Siyo kila daktari anayetoa figo kwa matundu anaweza hilo. Kwa hiyo ukiambiwa "tukifanya matundu tunatoa figo yote, tukipasua wazi tunaweza kubakiza figo", mimi ningekuwa ndugu yako ningekwambia pasuliwa wazi. Kovu utalifunika na shati, figo hutaipata dukani. Uliza swali hili waziwazi kabla hujasaini fomu.

Nikibaki na figo moja nitaishia dayalisisi, kusafishwa damu kwa mashine?

Wengi hapana. Figo moja nzima inaongeza kazi na inatosha, wanaochangia ndugu zao figo wanaishi hivo miaka mingi, na tangu Muhimbili waanze kupandikiza 2017 wachangiaji wako humuhumu mtaani wanadunda. Tofauti ni kwamba mchangiaji alichaguliwa akiwa mzima, wewe unaweza kuwa na sukari au presha ambayo ilishaanza kuila hiyo figo ya pili kimyakimya. Ndo maana kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi, inapimwa kabla.

Baada ya hapo presha na sukari ndo adui zako. Na dawa za maumivu, diklofenaki na brufeni zile unazonunua bila cheti mgongo ukiuma, achana nazo, panado ndo rafiki yako. Ukiandikiwa dawa yoyote popote sema nina figo moja, hata kwa daktari wa meno.

Si wanasema kansa ikiguswa na kisu inaamka inasambaa?

Hili naulizwa kila wiki na najua linakotoka. Mtu alikuja amechelewa, kansa imeshafika kwenye mapafu, wakampasua, baada ya miezi akafariki, mtaani ikawa "alikuwa mzima mpaka walipomkata". Kwa kansa ya figo ambayo haijasambaa upasuaji ndo tiba yenyewe, hamna kidonge wala mionzi inayochukua nafasi yake.

Ila sitakudanganya kwamba hilo wazo halina kitu kabisa. Kansa, hasa ile ya utando wa mkojo, ikipasuliwa ovyo na mkojo wake ukamwagika ndani inaweza kupandikiza chembechembe. Ndo sababu daktari hatoi kipande kipande, anaukata uvimbe na mafuta yake ukiwa mzima, anauingiza kwenye mfuko wa plastiki humohumo tumboni, anaufunga, ndo anautoa. Kansa kuota kwenye tundu la upasuaji imewahi kutokea ila ni nadra.

Mbona wengine wanakatwa kinyama kwanza, mimi naambiwa niende moja kwa moja operesheni?

Kwa sababu kwenye figo CT nzuri mara nyingi inatosha kuamua. Kinyama cha figo kinachukuliwa kwa sindano pale jibu litakapobadilisha mpango, mfano wanafikiria kukuangalia tu, au ugonjwa umeshasambaa wanataka kuchagua dawa, au wanahisi kansa ilitoka sehemu nyingine ikaja hapo. Kwenye kibofu kule kukwangua kwenyewe ndo kinyama.

Mliniambia matundu madogo, mbona nina mshono mrefu chini ya kitovu?

Figo lazima itoke bwana. Ikishawekwa kwenye mfuko wanapanua tundu moja au wanakata chini kwenye mstari wa nguo ya ndani, kama sentimita sita mpaka nane, kutegemea uvimbe ulivyo. Madaktari wengine wanaanza kabisa na mkato huo ili mkono mmoja uingie usaidie kazi, na hiyo nayo ni njia halali.

Na mwenzangu wodini aliingia kwa matundu akatoka amepasuliwa wazi, wameharibu?

Inaweza kuwa damu imetoka nyingi, au kuna makovu ya operesheni ya zamani yamegandisha utumbo, au uvimbe umeshika mahali pabaya. Daktari anayejua kubadilisha mapema ndo daktari. Kwenye fomu ya ridhaa hilo limeandikwa, wengi hamsomi. Na kuna ambao tangu mwanzo wanapangiwa wazi, uvimbe mkubwa sana, au kansa iliyoingia ndani ya ule mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye moyo. Hajanyimwa huduma nzuri, hiyo ndo huduma yake.

Faida ya matundu iko wapi basi?

Kwa mgonjwa anayefaa faida ni kubwa kweli, nisije nikaonekana naipinga. Damu inayopotea ni kidogo, maumivu ni kidogo, unapumua vizuri maana mkato wa ubavuni wa kupasua wazi unauma kila ukivuta pumzi, unatoka kitandani kesho yake, nyumbani baada ya siku mbili mpaka nne badala ya wiki. Kwa kutoa figo nzima matokeo ya kansa yenyewe ni sawa na kupasua wazi. Yaani unapona haraka zaidi, ila kansa haiondoki zaidi.

Kwenye kutoa kibofu utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018 ulilinganisha roboti (nitaieleza hapo chini) na kupasua wazi, na baada ya miaka miwili kansa ilikuwa haijatofautiana.

Nichange pesa niende India kwa roboti?

Roboti haipasui yenyewe. Daktari anakaa kwenye kiti chake pembeni anaangalia ndani ya mashine, mikono yake ndo inaendesha mikono ya chuma, mashine inampa vifundo vinavyogeuka kila upande na picha yenye kina. Marekani waliiruhusu mwaka 2000. Kwa kazi ya kutoa uvimbe peke yake na kushona figo ndani ya dakika chache inasaidia kweli. Kwa kutoa figo nzima, utafiti mkubwa uliotoka Marekani 2017 ulikuta inachukua muda mrefu zaidi na gharama zaidi bila kupunguza matatizo makubwa. Kwa hiyo kama ulichoambiwa ni kutoa figo nzima, kuuza kiwanja Chanika kwa ajili ya roboti mimi siuoni mantiki yake.

Ukienda, nenda na CD ya CT yenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake. Ukirudi rudi na ripoti ya operesheni na ya histolojia, yaani majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa. Tunapokea watu hapa wana picha za kumbukumbu na daktari wa kule lakini hawana karatasi hata moja.

Hapa Dar niende wapi?

Anzia ulipo. Amana, Temeke, Mwananyamala, watakupima na kukupa rufaa. Muhimbili wana idara ya mkojo, na hospitali kubwa binafsi nazo zina madaktari wa mkojo. Ocean Road, hospitali ya kansa pale jirani na Ikulu, inajulikana zaidi kwa mionzi na kemo (dawa za kuua kansa), kwa hiyo usishangae ukatumwa huku na huku kati yake na Muhimbili, ni kawaida ya njia hii.

Kitu kimoja watu hawakijui, hospitali kuwa na mashine ya laparoskopi, yaani hiyo ya matundu, haimaanishi wanafanya figo. Wengi wanaanza na nyongo na mambo ya kina mama. Muulize daktari bila kuogopa: figo za kansa kwa njia hii unafanya mara kwa mara? Ukihitaji kubadilisha kwenda wazi mko tayari? Daktari mzuri hachukii hilo swali.

Na bima?

Nenda dirisha la bima na barua ya daktari KABLA ya kupangiwa tarehe, uliza kwa maandishi kipi kinalipwa na kipi hakilipwi, maana operesheni inaweza kulipwa alafu vifaa fulani vya kutumia mara moja vikakugeukia wewe. Kwa asiye na bima wala uwezo, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda mapema na barua ya serikali ya mtaa, usisubiri siku ya kuruhusiwa.

Najiandaaje?

Dawa za kulainisha damu, aspirini, klopidogreli, wafarini, zitaje, daktari ndo anasema lini uache. Za presha mara nyingi unaendelea, uliza. Sigara acha sasa hivi, siyo usiku wa kuamkia operesheni, mapafu yako yatakushukuru. Chakula mwisho masaa sita kabla, maji matupu kawaida mpaka masaa mawili kabla, ila fuata ulichoambiwa na wa nusu kaputi. Ndugu wa kuchangia damu watafutwe mapema. Na aje mtu mmoja wa familia anayesikiliza, siyo kumi wanaobishana koridoni.

Nikiamka nitajikutaje?

Na mpira wa mkojo, dripu, pengine na mpira mwingine ubavuni wa kutolea majimaji, na bega linauma. Bega linawashangaza wote, ni ile gesi inachokoza msuli wa kupumulia, inaisha siku moja mbili. Tutakutembeza kesho yake hata ukitununia, damu ikilala miguuni inaganda, bonge likienda kwenye mapafu ni hatari kuliko mshono. Kula unaanza taratibu, uji, mtori, ile ya kusubiri mpaka ujambe ndo uguse maji siku hizi haishikiliwi sana kama zamani.

Mpira kwa figo nzima unatoka siku moja au mbili. Kwa aliyetolewa mrija na kipande cha kibofu unakaa kama wiki au zaidi mpaka pale paliposhonwa pafunge, usiuvute wala usiruhusu mtu wa mtaani akutolee.

Bodaboda, kazi, unyumba?

Bodaboda sahau wiki za mwanzo, na siku ya kutoka chukua bajaji inayokwenda polepole au gari, shika mto tumboni kwenye matuta. Kazi za mezani wiki mbili tatu, mizigo hapana mpaka wiki nne hadi sita, ndoo ya maji ni mzigo, na mtoto wa kubeba naye ni mzigo. Unyumba ukiwa huna maumivu na mshono umefunga, kawaida ni wiki kadhaa, kutoa figo hakuondoi nguvu za kiume. Kutoa kibofu ni habari nyingine, kunaweza kuathiri, na hilo zungumza na daktari kabla, na mwenza wako akiwepo.

Ramadhani nafunga na figo moja?

Mwaka wa kwanza na joto la huku ulizia kwanza, upimwe kreatinini. Wengine wanaruhusiwa, mwenye figo iliyochoka haruhusiwi.

Nimekabidhiwa kichupa chenye nyama niipeleke maabara, niweke friji?

Hapana, na friza ndo kabisa hapana. Kile kimaji kilichomo ndo kinaitunza, kiache kifunikwe vizuri, hakikisha jina limeandikwa, peleka siku hiyohiyo pamoja na fomu. Alafu FUATILIA jibu. Bila histolojia hatujui ni kansa ya aina gani, imeingia wapi, kingo za kilichokatwa zilikuwa safi au zina kansa. Watu wanapona kidonda wanapotea, karatasi inakaa maabara, wanarudi miaka miwili mbele.

Nitapigwa kemo baada ya hapo?

Ya nyama ya figo haisikii kemo ya kawaida, zipo dawa za kisasa za kuamsha kinga na zile zinazolenga uvimbe, bei yake inaumiza, na siyo kila mtu anazihitaji, mwenye uvimbe mdogo uliotoka wote kawaida anafuatiliwa tu. Ya utando wa mkojo inasikia kemo, na dawa yake kubwa, sisplatini, inahitaji figo zenye nguvu. Ndo maana mwingine anapewa kemo kabla ya operesheni, wakati figo bado ni mbili.

Kwenye kibofu ile ya juujuu mtu anaweza kuwekewa BCG ndani ya kibofu mara moja kwa wiki, wiki sita. Ndio, BCG hiyohiyo ya chanjo ya kifua kikuu ya watoto, inaamsha kinga ya kibofu. Ya kichocho mara nyingi ni aina nyingine kabisa, haifuati njia ya BCG, inahitaji upasuaji mkubwa.

Wakinitoa kibofu nitakojolea wapi?

Kipande cha utumbo mwembamba kinatengenezwa njia inayotokea tumboni na mkojo unaingia kwenye mfuko wa kubandika, au wanatengeneza kibofu kingine cha utumbo unakojoa chini kama zamani, kwa kujifunza upya. Siyo kila mtu anafaa hicho cha pili. Mfuko unavaliwa chini ya kanzu, chini ya dera, watu wanaenda nao kazini na msikitini. Swali la kuuliza mapema ni mifuko utaipata wapi na kwa bei gani, maana inabadilishwa maisha yote.

Mtoto wangu wa miaka mitatu ana uvimbe wa figo, naye matundu?

Mara nyingi hapana. Ya watoto ni kansa tofauti, wengi wanaanza na kemo uvimbe upungue alafu wanapasuliwa wazi, na inatibika vizuri sana ikiwahiwa. Muhimbili kuna wodi ya kansa za watoto, usimzungushe mtoto kwenye vituo vidogo. Na usimbonyeze-bonyeze tumbo wala kumkanda.

Kliniki mpaka lini?

Miaka. Figo unapigwa picha za tumbo na kifua kila miezi sita au mwaka kwa miaka mitano au zaidi. Aliyetolewa figo na mrija kwa kansa ya utando lazima aangaliwe kibofu kwa kamera, ya kwanza baada ya miezi mitatu, maana hiyo kansa inapenda kutokea tena kibofuni hata kama operesheni ilikwenda vizuri.

Niko nyumbani, nini kinirudishe haraka?

Homa, tumbo kuvimba na kutapika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla, mkojo kukata au kuja na mabonge ya damu, mshono kutoa usaha au maji mengi yenye harufu ya mkojo. Usiku huohuo, usisubiri asubuhi wala siku ya kliniki. Njoo na karatasi ya kuruhusiwa, na kama umetolewa figo iwe ndo sentensi ya kwanza unayomwambia atakayekupokea.